Gemu ya mtu mmoja: mganga akiwa na nguvu kuliko wote anamwonea nani?

"Kaka shikamoo. Niko Moshi, Pasua, natengeneza RPG (gemu ya kuishi kama mhusika na kumkuza) ya mchezaji mmoja kwenye laptop, stori yake ni enzi za wamangi, wale watawala wa Wachaga. Mchezaji anachagua njia moja kati ya tatu, uhunzi, biashara ya misafara au uganga. Tatizo washkaji wote niliowapa wajaribu wanaishia kwenye uganga, dawa zake zinamaliza kila pambano. Mmoja ananiambia nipunguze mpaka njia zote zilingane, mwingine anasema gemu ya mtu mmoja haina haja ya balansi, acha mtu afanye anachotaka. Nimsikilize nani? Alafu la pili, nizuie watu wasisevu na kurudia rudia pale wanapoongea na mangi?"

Marahaba chalii wangu. Usimsikilize yeyote kati yao moja kwa moja, ila kama ni lazima ukosee basi ukosee na huyo wa pili, ntakwambia kwanini.

Nianze na huyo wa kulinganisha, maana ushauri wake unasikika wa kitaalamu na ndo utakaokuharibia gemu haraka zaidi. Hilo wazo la kila njia iwe na nguvu sawa limetoka kwenye gemu za watu wawili na kuendelea. Ingia kibanda chochote cha gemu hapa Arusha, iwe Ngarenaro iwe Kaloleni, utakuta watu wanacheza mpira na kelele haziishi, we umechukua timu ya nyota tano mi umeniachia ya nyota tatu, na aliyefungwa ndo analipia, kwahiyo malalamiko yana msingi kabisa maana kuna mtu wa pili pale kwenye benchi anaumia. Kwenye gemu yako huyo mtu wa pili hayupo. Mganga akimwangusha chui kwa dawa moja, mhunzi hayupo pale alalamike, yupo kwenye sevu nyingine au hajawahi kuzaliwa kabisa. Nguvu kutolingana peke yake sio kosa. Kosa ni mtu kuchagua kitu alafu gemu isimjibu, yani achague njia hii au ile na dunia ibaki vilevile, au achague njia moja sababu nyingine zote zimeshakufa kabla hajazifikiria. Balansi kwenye RPG ya mtu mmoja kazi yake ni hiyo tu, kulinda chaguo lisife. Ukiitumia kwa kazi nyingine inaanza kula kile kile ulichotaka ilinde.

Mfano mzuri wa kuliwa huko ni BioShock ya 2007, najua kuna watu watasema ile ni gemu ya kupiga risasi sio RPG, sawa, lakini sijaona mfano ulio wazi kama ule. Unakutana na watoto wa kike waliobeba ADAM, hicho ndo kitu unachonunulia nguvu zako. Ukimmaliza mtoto unapata ADAM 160, ukimwokoa unapata 80. Mara ya kwanza mtu anasimama kabisa, anamwangalia yule mtoto, anajiuliza, na hapo dizaina ameshinda. Shida inakuja mbele, kila ukiokoa watatu unaachiwa zawadi yenye ADAM 200. Piga hesabu sasa, watoto watatu wa kuua ni 480, watatu wa kuokoa ni 240 jumlisha 200 inakua 440, na ndani ya zile zawadi kuna vitu vingine ambavyo muuaji havipati. Yani tofauti ya mtu mwema na muuaji ni 40, tena mwema anaongezewa na vingine juu. Nadhani waliogopa mchezaji mwenye huruma asije akakwama mbele, hofu ya kueleweka, ila matokeo yake ni kwamba baada ya zawadi ya pili huruma imegeuka uwekezaji. Stori inakwambia umejinyima, namba zinakwambia hujajinyima kitu, na mchezaji siku zote anaamini namba.

Sasa weka pembeni yake Undertale ya 2015, gemu ndogo kabisa ya Toby Fox, michoro yake hata we unaweza. Mle ndani unaweza kumaliza gemu nzima bila kuua hata mmoja, lakini kusamehe hakukupi pointi za uzoefu hata moja, kwahiyo mwenye huruma anabaki levo 1 na uhai wake 20 mpaka mwisho, wakati mabosi, wale maadui wakubwa, wanazidi kua wagumu. Anayeua kila kitu anapanda levo mpaka mabosi kadhaa wanadondoka kwa pigo moja tu (kuna wawili wanaomsubiri na hao watamtoa jasho, ila hiyo ni hadithi nyingine). Hakuna balansi pale, njia moja ni ngumu kuliko nyingine na imeachwa iwe ngumu makusudi, na ndo maana watu mpaka leo wanaiongelea ile huruma kama kitu walichokifanya wenyewe. Huyo mshkaji wako wa kulinganisha angepewa Undertale aifanyie marekebisho angewapa wenye huruma pointi za kufidia, na gemu ingekufa siku hiyo hiyo.

Sawa, sasa huyu mwingine, wa acha mtu afanye anachotaka. Anasema kweli nusu. Nusu asiyoiona ni kwamba mchezaji hafanyi anachotaka, anafanya kinacholipa. Soren Johnson, yule dizaina wa Civilization IV, aliwahi kuandika kwamba ukiwapa wachezaji nafasi watakokotoa mpaka wauondoe utamu wenyewe kwenye gemu, na mtu yeyote aliyecheza Skyrim (2011) anajua anaongelea nini. Unaanza unasema safari hii mimi ni mchawi, au mimi ni mtu wa shoka na ngao, masaa kadhaa mbele unajikuta umechuchumaa gizani na upinde. Kila mtu. Imekua utani wa dunia nzima.

Hapa ndo nataka ukae kidogo maana kesi ya mganga wako ndo hii hii. Wengi wanadhani upinde wa kunyata umewameza wengine sababu unaumiza sana, lakini ukiangalia namba, kisu cha kunyata kinaumiza zaidi, ukiwa na skili inayohusika kisu kinazidisha pigo mara 15 wakati upinde unaishia mara 3. Na bado watu wanabaki na upinde. Kwanini? Sababu upinde unajibu kila swali. Adui mmoja, upinde. Adui kumi, upinde, mmoja mmoja. Joka, upinde. Adui amekuona, rudi gizani, subiri, atajiambia ulikua upepo tu alafu anaendelea na lindo wakati mwenzake kalala chini na mshale. Alafu haukudai chochote, hautoi jasho, haukuweki hatarini, hakuna mtu kijijini anayekuchukulia tofauti sababu unapiga watu wakiwa hawajui. Kwahiyo njia inameza wenzake ikiwa inafungua kila mlango na haina bei, ukali wa pigo ni jambo la tatu huko. Dizaina akipunguza namba ya upinde hapo anakua ametibu kidole wakati mgonjwa analalamika tumbo, watu watatumia mishale miwili badala ya mmoja na wataendelea kuchuchumaa.

Linganisha na Morrowind ya 2002, kwa namba ile gemu imevunjika kuliko zote. Unaweza kutengeneza dawa ya kuongeza akili, unainywa, akili ikipanda unatengeneza dawa kali zaidi ya akili, unainywa tena, unaendelea hivo mpaka unafika kwenye nguvu za kijinga kabisa ambazo gemu haikutegemea. Na sijawahi kusikia mtu amekasirika. Nguvu ile haiko barabarani, iko mwisho wa udadisi wa mtu, ameitafuta mwenyewe, ameunganisha vitu viwili ambavyo hakuna aliyemwambia aviunganishe, na asiyeitafuta wala haijui. Kwahiyo chalii wangu mganga wako akiwa na dawa moja ya hatari ambayo mtu anaigundua kwa kuchanganya mizizi ambayo hakuna aliyemwambia, iache. Hiyo usiiguse. Kama dawa hiyo hiyo anaipata dakika ya kumi kwenye somo la kwanza, hapo ndo una shida.

Kuna kosa la tatu ambalo hukuliuliza ila ntalisema maana naona linakuja, balansi ya kupandisha maadui pamoja na mchezaji. Oblivion ya 2006 walifanya hivo, ukipanda levo dunia nzima inapanda na wewe, mpaka unakutana na jambazi wa porini amevaa mavazi ya vita ya thamani ya maelfu anakudai dhahabu 100. Watu wanacheka hilo la jambazi lakini ubaya wenyewe uko chini zaidi. Levo yako ilikua inapanda kwa kutumia skili kuu ulizochagua mwanzo, sasa mtu aliyechagua biashara na maneno matamu kua skili zake kuu alikua anapanda levo kwa kuuza na kuongea, maadui nao wanaongezeka ubabe, na yeye kupigana hajui. Kwahiyo kila alivyokua ndivyo alivyozidi kua dhaifu. Hilo sio chaguo gumu, hilo ni chaguo la uongo, gemu ilimwambia biashara ni njia halali alafu ikamwadhibu kwa kuamini. (Toleo jipya la 2025 waligusa mfumo wa kupanda levo, hawakuuacha kama ulivyokua.) Angalia sana hapa maana una njia ya mfanyabiashara na nina wasiwasi nayo kuliko huyo mganga. Vampire: The Masquerade – Bloodlines ya 2004, gemu naipenda kupita kiasi, ina dhambi hiyo hiyo, unajenga mtu wa maneno na kunyata, masaa mengi mji mzima unakujibu vizuri, kufika mwishoni ni ngumi na risasi tu. Deus Ex: Human Revolution (2011) nayo mabosi wake walilazimisha vita hata kwa mtu aliyecheza kimya kimya gemu nzima, watu wakapiga kelele mpaka toleo la 2013 wakaongeza njia za kuwashinda mabosi kwa kudukua na kujificha. Kwahiyo ukishamwonyesha mtu njia, hakikisha inafika mwisho wa gemu. Ikiwa nyembamba na ina miiba sawa, ila ifike.

Na kabla hujasema sasa nawalinganishaje basi ili asikwame, kuna mtu amejaribu kwa uangalifu sana, Josh Sawyer na wenzake wa Obsidian kwenye Pillars of Eternity (2015). Walitaka pasiwe na karakta aliyeharibika tangu kuzaliwa, kwahiyo sifa moja ya nguvu inaongeza madhara ya kila mtu, mwenye rungu na mchawi wote wanaitumia. Wazo lina akili, mtu anajenga karakta wake mwanzoni kabisa kabla hajajua gemu inataka nini, ukimwadhibu masaa 40 mbele kwa kosa la dakika ya tano ulikua unamchezesha bahati nasibu. Lakini unaishia na mchawi mwenye misuli ya kubeba magunia na mtu anajiuliza basi namba hizi zinasema nini kuhusu mtu wangu. Baldur's Gate 3 (2023) wao waliacha njia zitofautiane vibaya tu, alafu wakakuwekea mzee mmoja kambini, Withers, unamlipa dhahabu 100 unapanga upya darasa (aina ya mpiganaji uliyechagua kua) na skili zako. Mimi nachukua hiyo ya pili bila kufikiria mara mbili, ni rahisi kutengeneza pia kwa mtu mmoja na laptop. Ila sharti moja, anarudisha skili tu, harudishi alichomfanyia mtu. Aliyemsaliti mangi amemsaliti.

Turudi Moshi kwako. Usiguse namba za mganga wiki hii. Kaa na karatasi uandike ni maswali gani gemu yako inamuuliza mchezaji, na nahisi utakuta yote ni swali moja, kuna mtu amesimama mbele yako mpige. Ndo maana dawa imeshinda. Umechagua enzi yenye maswali mengi sana alafu hujayatumia! Chukua mfongo, ule mfereji wa maji wa Wachaga. Ukoo wa juu wamefunga maji, ukoo wa chini mgomba unakauka, dawa gani itafungua hapo? Mhunzi anaweza kutengeneza majembe watu wachimbe mfereji mpya, ila chuma kinatoka Upare kwahiyo lazima ashuke akatafute na kijiji kinasubiri. Mfanyabiashara anaweza kuleta shanga na nguo za msafara wa Pangani akanunua amani, ila wazee wa ukoo wa juu watakumbuka kwamba maji yao yana bei na mwakani watapandisha. Mganga anaweza kuwatisha, watafungua maji usiku huo huo, ila kuanzia hapo akipita watoto wanaingizwa ndani. Ona njia yake bado ndo yenye nguvu na ya haraka kuliko zote, sijampunguzia kitu, nimempa bei, na bei yenyewe iko kwenye macho ya watu.

Na hao wamangi watumie. Rindi wa Moshi na Sina wa Kibosho walikua mahasimu kweli, mhunzi akiuza mikuki kwa mmoja mwingine atajua, na mlango wake ufungwe kweli, usiufungue tena baada ya misheni moja kwa kumuonea huruma mchezaji.

Tahadhari, bei sio usumbufu. Naona mtu akiambiwa weka bei anakimbilia kufanya mizizi iwe adimu, mganga azunguke porini nusu saa kutafuta jani ndo apigane. Hapo hujaweka bei, umeongeza kazi ya mikono, na mchezaji ataifanya huku anakulaani, na akishajaza mfuko wake wa mizizi tuko pale pale.

Kujaribu nako badilisha. Acha kuwauliza washkaji umetumia njia gani, kaa nyuma yao ukae kimya uangalie mkono kwenye mausi unasimama wapi. Kama haujasimama mahali popote, machaguo yako yamekufa, hata kama njia tatu zimelingana kwa kila namba. Ukisimama alafu akageuka akakuuliza ipi inatoa pointi nyingi, umeweka hesabu. Ukisimama akarudi juu kusoma tena alichosema yule mzee wa ukoo, hapo umepata, weka alama na usipaguse tena.

Sasa la kusevu. Usizuie. Ile ni gemu yake na Tanesco wanaweza kumzimia umeme muda wowote, ukimnyima kusevu utamkosa kabisa. Ukitaka ukali weka kama hiari, Baldur's Gate 3 wana hali yao ya heshima yenye sevu moja tu na anayeitaka anaichagua mwenyewe. Watu wanarudia rudia kwa mangi sababu kushindwa pale ni ukuta, umeongea vibaya, umefukuzwa, kwisha. Disco Elysium (2019) inarusha dadu mbili kwenye majaribio unayoamua kuyafanya, zikija sita mbili umefaulu hata kama huna skili, zikija moja mbili umefeli hata kama ni bingwa, majaribio mengine ukifeli unaweza kurudi baadae ukiwa umeongeza skili na mengine ni mara moja tu. Na bado watu wengi hawarudii, sababu kufeli kunaleta jambo, mara nyingi la kuchekesha au la aibu, na unataka kuona litaishia wapi. Kwahiyo kwenye lile tukio la mangi andika kwanza kinachotokea mtu akishindwa, kiandike kirefu na kitamu, alafu ndo uandike cha kushinda. Na kushinda kwenyewe kusiwe kitufe cha skili ya maneno tu. Fallout ya kwanza, 1997, unaweza kumfanya adui mkuu ajimalize mwenyewe kwa mazungumzo, lakini inabidi uwe umetafuta ushahidi kwamba viumbe anaowatengeneza hawawezi kuzaa, ukienda na mdomo mtupu ni kazi bure. Mfanyabiashara wako akifika kwa mangi awe amebeba kitu alichokisikia njiani ambacho mangi hakijui.

Ukimaliza kipande cha mfongo nitumie faili nikijaribu, njia zote tatu, ila weka na toleo jepesi maana laptop yangu ni ya siku nyingi na feni yake inapiga kelele kama mashine ya kusaga.